Mti Uliopewa Miaka Miwili

Mti wenyewe walikuwa wakiuita Kobe, na jina hilo haukulipata kwa kuonewa. Ulikuwa na miaka ishirini na sita ardhini, na ndiyo kwanza ulikuwa umefika kimo cha mtu mrefu aliyevaa kofia. Mwaka mzuri uliongeza vidole vinne. Mwaka mbaya uliongeza kimoja, tena kwa kununa. Majirani walipanda miti yao, wakala matunda yake, wakaikata kuni na kupanda mingine, Kobe bado yuko palepale mbele ya dirisha la chumbani, anajifikiria. Majani yake yalikuwa madogo, yenye ncha tano kama kiganja cha mtoto mchanga, ya rangi ya damu nzito. Baridi ilipoingia yaliwaka mekundu mpaka wapita njia wakasimama getini kutazama. Kisha yalipukutika yote, na kwa miezi mitatu ukabaki mti wa vijiti vitupu, ambao mgeni asiyeujua angewapa wenye nyumba pole.

Wenye nyumba walikuwa wawili. Mke alikuwa fundi miwani, mwenye kiduka chake mjini cha kupima macho na kusaga lenzi, na watu walimwita hivyohivyo, Fundi Miwani. Mume alikuwa mchora ramani katika ofisi ya ardhi, na kila mtu alimwita Ramani, hata mkewe, hasa akiwa na hasira. Binti yao mmoja alikuwa ameolewa mji mwingine. Kobe alikuja na ndoa. Baba yake Fundi Miwani alikuwa na kitalu cha miti ya mapambo, na siku ya harusi, wenzake wakileta vyombo na mablanketi, yeye alileta kijiti cha urefu wa penseli ndani ya kopo la rangi. Wageni walicheka. Mzee hakuwajibu, aliondoka zake mapema kwenda kumwagilia.

Sasa, mwaka tunaousimulia, majani yalitoka madogo kuliko kawaida. Mwingine asingeona. Fundi Miwani alikuwa ameshinda nusu ya umri wake akitafuta mikwaruzo myembamba kuliko unywele kwenye vioo, kwa hiyo jani lililopungua upana wa ukucha lilimkera kama kokoto ndani ya kiatu. Aliona mti una njaa. Jumapili moja, Ramani akiwa amekwenda kunyolewa, alichukua kijembe na ndoo ya mboji, akapiga magoti hatua moja kutoka kwenye shina, akachimba.

Alitegemea udongo mgumu wa miaka ishirini na sita. Kijembe kilizama chote kwa pigo moja, kama kilichopigwa kwenye unga.

Akachimbua kwa mikono. Chini ya majani makavu palikuwa na mfereji, upana wa kiganja, umejazwa mchanga na majani yaliyooza. Ndani yake alikuta mzizi mnene kama kifundo cha mkono, umekatwa kwa msumeno, mkato safi. Kwenye jeraha hilo vilikuwa vimeota vizizi vyembamba, vingi, vimesukana kama ndevu. Akaufuata mfereji. Ulizunguka nusu ya mti, duara sawasawa kama la bikari, ukakoma. Upande wa pili akakuta mfereji mwingine, nusu iliyobaki, nao umejazwa vilevile, ila huku vizizi vilikuwa vichache, vyeupe bado, vya mwaka mmoja.

Fundi Miwani alikaa chini kwenye udongo na nguo yake ya kanisani.

Maana yeye alikulia kitaluni, na kitu kile alikijua kabla hajajua kusoma. Mti mkubwa haung'olewi tu. Ukiung'oa ghafla unakufa, kwani mizizi yake inayokunywa maji iko mbali, na ukiikata yote kwa mara moja umeukata koo. Kwa hiyo unauandaa. Mwaka wa kwanza unakata mizizi nusu ya duara, unafukia udongo laini, unauacha uoteshe vizizi vipya karibu na shina. Mwaka wa pili unakata nusu nyingine. Mwaka wa tatu, majani yakishapukutika na mti umelala, unauinua na donge lake la udongo, unaufunga magunia, unakwenda nao unakotaka. Wenyewe hata haujui kama umehama. Baba yake alikuwa akisema shida yote hiyo ni kwa ajili ya kitu kimoja, usishtuke.

Na hapakuwa na haja ya kuuliza ni mkono wa nani. Enzi za uchumba Ramani alikuwa akija kitaluni kila Jumamosi, anajitia amekuja kuuliza bei ya maua, na mzee, asiyependa kuona mtu amesimama bure, akampa jembe na kumfundisha kazi hii hatua kwa hatua. Mume mwenye akili huficha siri yake pale ambapo mke hapajui. Ofisi anayo, marafiki anao, mpira upo. Huyu wa Fundi Miwani aliiandika siri yake ndani ya ardhi, kwa mwandiko aliofundishwa na baba mkwe.

Akapiga hesabu ya vizizi. Nusu ya kwanza ilikuwa ya miaka miwili nyuma, mwezi ule aliokuwa msibani kwa mama yake. Nusu ya pili ilikuwa ya mwaka jana, wiki tatu alizokwenda kumlea binti yao aliyejifungua. Mara zote mbili Ramani alimbebea begi hadi kituoni na kumwambia maneno yaleyale: "Nenda, usiwe na wasiwasi. Nyumba niachie mimi."

Mume anayeandaa mti kwa siri ana mpango wa kuondoka nao. Akafukia alipochimbua, akatandaza majani makavu juu yake, akaosha mikono hadi ikamuuma.

Jioni ile walikula kama kawaida. Ramani alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyatoa kama anayatoa mfukoni mwa mtu mwingine.

"Mwaka huu Kobe ana majani madogo," Fundi Miwani alisema akimpakulia.

"Jua."

"Jua limefanya nini?"

"Limekuwa kali."

"Jua hilihili la miaka yote?"

"Nipe hiyo chumvi," alisema Ramani.

Alimpa chumvi. Alimtazama anavyotafuna, nywele zimenyolewa vizuri, shingo safi, na akatamani ammwagie mchuzi wote kichwani. Lakini alijikaza. Alitaka kusikia kutoka kwenye mdomo wake. Mtu aliyelala naye miaka ishirini na sita, anaondoka, basi aseme, hata kwa ubaya. Kumfuma ni rahisi. Fundi yeyote anaweza kumfuma mtu. Yeye alitaka kuambiwa.

Jumanne alifunga duka mapema akaenda kitaluni, ambako sasa mdogo wake wa kiume ndiye aliyerithi miche na mipira ya maji. Alimkuta anahamisha miche kwenye mifuko, tumbo mbele, miguu pekupeku.

"Shemeji yako amewahi kuja hapa karibuni?" alimuuliza, bila hata kusalimia vizuri.

Mdogo wake akaacha kazi, akajishika kichwa huku akicheka. "Aa, dada! Nani amekwambia? Aliniapisha nisikwambie! Alisema anataka kukushtukiza."

"Kunishtukiza na nini?"

"Si nyumba mpya! Aliniletea na ramani yake, nimshauri pa kuupanda Kobe. Ngoja nikuletee, maadam umeshajua. Ila mbele yake ujitie hamnazo, tafadhali, asije akaninunia."

Akaingia kibandani kuitafuta. Alikuwa mtu wa fujo, na kwa dakika kumi alisikika humo ndani akiangusha makopo. Dakika kumi hizo, Fundi Miwani alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote mjini. Kumbe! Mume anamjengea nyumba, na yeye amekaa anamtengenezea kesi kichwani! Akajicheka. Akajiona mjinga, na ujinga ule ukawa mtamu. Alikuwa ameshachagua mapazia, ya sebuleni rangi ya maziwa, ya chumbani mazito kidogo, mdogo wake alipotoka na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ramani ilikuwa nzuri, jinsi mumewe anavyozichora zote: mistari myembamba, maandishi madogo yaliyosimama wima kama askari, kila kitu kina kipimo chake. Dirisha. Mlango. Duara la mti mbele ya dirisha, kama palepale ulipo sasa. Jiko. Meza ya kuchorea. Meza ya kulia chakula, na kiti. Kimoja. Chumba cha kulala kilikuwa kimoja pia, na ndani yake kitanda, na juu ya kitanda, kwa sababu mtu huyu hawezi kuchora kitu asikipime, ameandika: futi 3 kwa 6.

Alikisoma mara mbili. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akakisoma tena. Kitanda cha futi tatu hulaliwa na mtu mmoja, tena asiyegeuka sana. Hata mwanamke mwingine hakuwepo wa kumtukana. Angekuwepo, angalau angejua ameshindwa na nani.

"Nzuri, eh?" alisema mdogo wake.

"Nzuri," alisema Fundi Miwani. "Amepima kila kitu."

Baridi ikaingia. Kobe akawaka mwekundu, watu wakasimama getini, halafu majani yakaanza kuanguka. Fundi Miwani alikuwa amepiga moyo konde na kujiwekea mpaka: nitamngoja hadi jani la mwisho. Akisema kabla ya hapo, mti ni wake, nitamfungia magunia mimi mwenyewe kwa mikono hii. Asiposema, atajua mimi ni mtoto wa nani.

Akamfungulia milango, mmoja baada ya mwingine. Alimuuliza kama amechoka. Alimuuliza kama kuna jambo. Alimwambia, wakikunja shuka pamoja, kila mmoja ameshika ncha zake, kwamba watu huchokana, si dhambi, ila waambiane. Ramani akasema shuka hili limechakaa katikati. Siku nyingine alimsimulia habari ya mteja mmoja, mwanamke wa kutunga tu, aliyeachwa na mumewe bila neno. Ramani alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akasema, "Watu wengine hawana utu."

Na katika majuma hayohayo akawa mume mwema kuliko alivyowahi kuwa. Alirekebisha bomba lililokuwa likivuja tangu binti yao yuko shule. Alitia mafuta bawaba za milango. Alimfundisha mkewe kufunga maji ya nyumba nzima yakitokea mafuriko, akamrudisha afanye mwenyewe mbele yake kama mtahiniwa. Jioni moja Fundi Miwani alikuta kwenye swichi kuu za umeme vikaratasi vimebandikwa kwa ule mwandiko uliosimama wima: jikoni, sebuleni, chumbani, nje. Alivisoma vikaratasi hivyo kimoja kimoja. Mti umeandaliwa, alijisemea, nyumba inaandaliwa, mpaka bawaba zinaandaliwa. Aliyebaki ni mimi.

Jani la mwisho lilianguka Jumatano, karibu na saa nne asubuhi. Lilikuwa la tawi la chini, limekauka tayari, na lilianguka bila mbwembwe zozote. Jioni Ramani alisema, akiangalia sahani:

"Jumamosi huwa una wateja wengi dukani, eti?"

Fundi Miwani aliacha kutafuna. "Wengi."

"Unarudi saa ngapi?"

"Kama siku zote. Saa kumi na moja."

"Vizuri."

"Vizuri nini?"

Ramani akameza. "Vizuri biashara inakwenda."

Hapo Fundi Miwani akakata shauri. Ijumaa asubuhi, mumewe alipokwisha pita kona kwenda ofisini, mdogo wake alifika na pikapu na wafanyakazi wawili. Alikuwa amechangamka, anapiga mluzi.

"Leo ndiyo leo! Tunaupeleka nyumba mpya?"

"Unaupeleka kitaluni."

"Kitaluni tena? Na shemeji je?"

"Shemeji yako atakuja kuuchukua. Akija mpe, usimzungushe. Ila kuna sharti moja. Aseme kwa mdomo wake anaupeleka wapi, huko ataishi na nani, na mimi nabaki wapi. Akimaliza kusema, mpe mti wake."

Mluzi ulikatika. Mdogo wake alimtazama, akautazama mti, akautazama mfereji ambao mfanyakazi mmoja alikuwa ameshaufichua, na kwa kuwa naye alikuwa mtoto wa baba yuleyule, hakuhitaji kuelezwa zaidi. "Dada," alisema. "Na mimi nilimuuzia magunia."

"Hukujua. Fanya kazi."

Kobe alitoka kirahisi hadi ikatia aibu. Walichimba nje ya duara, wakapitisha sepetu chini, na donge zima likainuka, limeshikwa na vizizi vyake kama kapu lililosukwa. Fundi Miwani mwenyewe alizungusha magunia, akakaza kamba, akatia alama ya chaki upande uliozoea jua, ili usije ukageuzwa na gome likaungua. Mikono yake ilijua kazi yote hiyo bila kumuuliza. Mfanyakazi mkubwa, mtu mzima mwenye mvi, aliupapasa mpaka wa mizizi akasema kwa heshima, "Aliyeuandaa huu anaujua mti. Tena anaupenda."

"Ndiyo," alisema Fundi Miwani. "Anaupenda."

Walipoondoka alikaa barazani. Alikuwa ameandaa maneno mengi, na tangu saa sita mchana aliyachambua, akayatupa makali, akayabakiza ya kweli. Alijua mumewe atashtuka. Alijua atauliza: umejuaje? Tangu lini? Na kwa kuuliza hivyo tu, hata bila kukusudia, atakuwa amesema. Basi yeye angemwambia, kaa chini, tuzungumze, na hata kama ni kuachana waachane kama watu waliolea mtoto pamoja. Hilo tu ndilo alilolitaka. Si mume, si mti. Alitaka kuongeleshwa.

Saa kumi na moja na nusu geti lililia, maana bawaba zake ndizo pekee mumewe alizozisahau. Ramani aliingia na mkoba begani. Alipiga hatua tatu, akasimama. Alilitazama shimo. Rangi ikamtoka usoni, midomo ikatetemeka kama ya mtoto aliyepotezwa sokoni, na Fundi Miwani, pamoja na yote, akamwonea huruma akainuka.

"Mliufunga magunia?" aliuliza Ramani.

"Mawili. Na kamba ya katani."

"Donge halikupasuka?"

"Halikupasuka."

"Upande wa jua mlitia alama?"

"Kwa chaki."

Ramani alishusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Fundi Miwani alingoja. Sasa, alijisemea, sasa ndiyo atauliza.

"Uko wapi?"

"Kitaluni, kwa shemeji yako."

Mwanamume akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amelazwa hospitali nzuri. Hapo ndipo Fundi Miwani alipoishiwa subira.

"Mti uliupa miaka miwili ili usishtuke," alisema, na sauti yake ilimshangaza kwa utulivu. "Nusu nikiwa namzika mama yangu, nusu nikiwa namlea mjukuu wako. Nyumba nayo umeibandikia maandishi. Mimi ulinipangia nini?"

Ramani alitazama viatu vyake. "Barua," alisema.

"Iko wapi?"

Akaitoa mfuko wa ndani wa koti. Ilikuwa karatasi moja, mwandiko wima, hakuna hata neno lililofutwa. Fundi Miwani aliisoma akiwa amesimama. Ilikuwa na mistari kumi na sita. Kumi na miwili ilieleza kwa nini ameuchukua mti: kwamba yeye mke ana kazi nyingi dukani, kwamba Kobe anahitaji mtu wa kumwangalia kila siku, kwamba umri ule ndio mwisho wa kuweza kuhamishwa, ukizidi hapo hautapona. Miwili ilihusu bomba. Miwili ya mwisho ilisema ufunguo wa akiba uko juu ya mlango wa stoo.

Aliigeuza. Nyuma palikuwa patupu.

"Mimi niko mstari wa ngapi?" aliuliza.

Ramani aliichukua karatasi, akaitazama kwa makini, kutoka juu hadi chini, kwa uaminifu kabisa, kama anavyotafuta kiwanja cha mtu kwenye ramani ya ofisini. Alitafuta kwa muda. Kisha akainua macho.

"Kitalu kinafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

Alitazama saa yake ya mkononi, akaangusha mkoba palepale, akatoka getini mbio. Fundi Miwani hakuwahi kumwona mume wake akikimbia. Siku ya uchungu wa kumzaa binti yao alitembea hadi barabarani kutafuta teksi, tena alisimama njiani kufunga kamba za viatu. Sasa kamba zilikuwa zimefunguka zote mbili, zinampiga vifundoni, na hakuzijali. Mkewe alisimama getini akamtazama anavyopungua barabarani, koti linapepea. Sharti hakumwambia, na aliona hakuna haja. Kule atalikuta, na kwa ajili ya mti ule atasema yote mbele ya watu, moja kwa moja, bila kumung'unya hata neno moja.